Kifua kikuu kisichokaa kifuani

Katika Kiswahili tunachokizungumza hapa Kenya, mama akisema kwamba mtoto wake ana homa, huwa bado hajamwambia tabibu jambo la kushika. Homa ni joto la mwili kupanda. Homa ni mafua. Katika nyanda za chai za Kericho na Bomet homa ni malaria pia, na pengine ni namna tu ya kusema kwamba mtu hajisikii vizuri. Neno moja limebeba mizigo minne, na msikilizaji aghalabu huuchukua ule aliouzoea.

Najua wapo wasomaji watakaouliza mwalimu wa isimu anatafuta nini katika mambo ya waganga. Jibu langu ni kwamba upo ugonjwa mmoja ambao utambuzi wake hutegemea maelezo ya mgonjwa na jamaa zake kuliko magonjwa mengi, na maneno yetu yamekuwa yakiuficha. Nao ni ule ugonjwa wa kifua kikuu unaoshambulia utando uliofunika ubongo. Wataalamu wanakadiria kwamba mwaka 2019 pekee watu wazima wapatao 164,000 duniani waliupata, na wapatao 78,200 miongoni mwao wakafa. Karibu nusu. Katika walionusurika, si haba waliobaki na upofu, uziwi, kupooza upande mmoja, au akili isiyoshika mambo kama zamani.

Ugonjwa wenyewe si mgeni. Robert Whytt, tabibu wa Edinburgh, aliueleza kwa makini katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1768, akauita maji ya ubongoni. Aliuona kwa watoto na hakujua unatokana na nini. Ilikuwa hadi Machi 24, 1882 ndipo Robert Koch alipowatangazia wenzake mjini Berlin kwamba amekiona kiini kinacholeta kifua kikuu. Mwaka 1933 Arnold Rich na Howard McCordock wakaonyesha jinsi kiini hicho kinavyoingia kichwani. Mtu hukivuta pumzini, kikatua mapafuni, kisha kabla mwili haujakidhibiti baadhi ya viini husafiri na damu na kujenga vinundu vidogo sana ubongoni. Kinundu kinaweza kulala hapo miezi, hata miaka. Siku kikipasuka na kumwaga uchafu wake katika maji yanayouzunguka ubongo, ndipo ugonjwa huanza. Katika hali hiyo mapafu yanaweza kuwa safi, na mgonjwa asikohoe hata mara moja.

Hapo ndipo jina letu linapotuangusha. Mswahili akisema fulani 'ana kifua', maana yake ni kwamba anaumwa kifua, anakohoa. 'Kifua kikuu' basi ni yale maradhi makuu ya kifua, mkubwa wa vikohozi vyote. Ni jina zuri, lenye nguvu, na kwa wagonjwa walio wengi ni la kweli. Lakini limemfunga mgonjwa kifuani. Mabango ya zahanati kwa miaka mingi yamemwuliza mwananchi kama amekohoa kwa muda wa majuma mawili. Mzazi ambaye mtoto wake anaumwa kichwa na kutapika hulisoma bango hilo, akashukuru kwamba si hilo, akaenda zake. Jina la kitaalamu linalotumiwa na mataifa ya Ulaya halina taabu hiyo, kwa kuwa limetokana na neno la Kilatini la vinundu, na kinundu chaweza kuota popote.

Kana kwamba hilo halitoshi, jina la pili nalo linapotosha kwa upande wake. Uvimbe wa utando wa ubongo tumeuita homa ya uti wa mgongo. Sijui ni nani aliyeanza, lakini sababu naidhania: shingo na mgongo wa mgonjwa hukakamaa, na sindano ya uchunguzi hupigwa mgongoni. Matokeo yake ni kwamba watu wengi hudhani maradhi yako katika mifupa ya mgongo. Tukiyaunganisha majina hayo mawili tunapata kifua kikuu cha uti wa mgongo, na hapo mkorogo unakamilika, kwa maana upo ugonjwa mwingine kabisa wa kifua kikuu unaokula pingili za uti wa mgongo na kumfanya mtu apinde kibyongo. Magonjwa mawili yenye dalili tofauti na haraka tofauti yanagombania jina moja. Nimewahi kuwapa wanafunzi wangu wa mwaka wa tatu jina hilo na kuwataka wanieleze ni ugonjwa wa kiungo gani. Wengi walisema mgongo, wachache mapafu. Hakuna aliyetaja kichwa.

Sasa tuyatie maneno hayo katika ardhi ya chai. Mashamba makubwa ya Kericho yalianza kupandwa katika miaka ya 1920, na watu wakaja kuchuma kutoka pande nyingi. Hadi leo katika kambi moja unaweza kuwakuta Wakipsigis, Wagusii, Wajaluo na Waluhya wakiishi mlango kwa mlango, na kinachowaunganisha kwenye mizani na katika foleni ya dawa ni Kiswahili. Hicho ni Kiswahili cha kazi, kinachotosha kwa kilo na mshahara. Kinapotakiwa kubeba maelezo ya mwili unaoumwa, kila mmoja hulazimika kuyatafsiri maumivu yake kutoka katika lugha ya mama kabla ya kuyataja.

Yapo tena mazoea ya malaria. Nyanda hizi ziko juu ya mita 1,800, na zamani zilidhaniwa kuwa salama, lakini mashamba ya chai ya Kericho yamekumbwa na milipuko ya malaria mara kwa mara katika karne iliyopita, hasa katika miaka ya 1990. Vizazi viwili vya wachuma chai na vya matabibu vilijifunza kwamba homa ikija na kuumwa kichwa ni malaria, na mgonjwa akianza kuweweseka basi 'malaria imepanda kichwani'. Msemo huo ulikuwa na haki yake, maana malaria ya ubongo ipo na huua. Leo vipo vipimo vya haraka vya malaria hata katika zahanati ndogo. Kipimo kikisema hapana, msemo haukubali kushindwa. Mgonjwa hupewa dawa ya malaria hata hivyo, au ya homa ya matumbo, kisha akarudishwa nyumbani kusubiri nafuu. Siku zinakwenda.

Na siku ndiyo habari yenyewe. Homa ya uti wa mgongo iletwayo na bakteria wa kawaida humwangusha mtu kwa saa chache au siku mbili tatu. Hii ya kifua kikuu huja kwa kunyemelea: juma la kwanza mgonjwa anakosa hamu ya chakula, ana joto la kupanda na kushuka, anaumwa kichwa kinachopoa na kurudi, amekuwa mkali au mpweke bila sababu. Baadaye hutapika, shingo hukakamaa, macho huingia kengeza kwa kuwa mishipa ya fahamu inayoyaongoza imebanwa. Mwishowe hapatikani kwa kuitwa. Kwa hiyo wataalamu waliokubaliana juu ya vigezo vya kuutambua waliuweka muda mbele: dalili zilizozidi siku tano humfanya tabibu aufikirie. Swali la 'ulianza lini' lina thamani ya kipimo cha maabara.

Mjibu swali hutumia neno gani? Hutumia 'juzi'. Kamusi hutwambia kwamba juzi ni siku iliyoitangulia jana. Wasemaji hutwambia kwamba juzi ni wakati wowote uliopita ambao bado haujasahaulika. Mtu husema aliolewa juzi ilhali mwanawe anatambaa. Miaka michache iliyopita nilimsindikiza jamaa yangu katika kituo kimoja cha afya huko kwenye chai, na mlango wa chumba cha tabibu ulikuwa wazi. Kijana wa watu alimwuliza mama mmoja kwa adabu, 'Mama, mtoto alianza kuugua lini?' Mama akajibu, 'Juzi, daktari.' Kijana akaandika siku mbili. Muuguzi mmoja mtu mzima aliyekuwa akipanga kadi alimgeukia mama yule, akamwuliza upya kwa Kikipsigis, wakazungumza kitambo, kisha akamwambia kijana kwamba mtoto hajala vizuri tangu juma la kufunga shule. Shule zilikuwa zimekwisha kufunguliwa. Siku mbili ziligeuka kuwa zaidi ya majuma matatu bila mashine wala senti moja. Maradhi ya mtoto yule hayakuwa haki yangu kuyajua, lakini muuguzi yule ningempa darasa langu alifundishe semantiki.

Tuseme sasa kwamba tabibu ameshuku na mgonjwa amefikishwa katika hospitali kubwa, iwe ya kaunti kule Kericho au Longisa, au ya misheni kule Tenwek, ambayo imekuwapo tangu 1937. Linalofuata ni kuchukua maji ya mgongo, na hapa jamaa wengi hukataa. Inaaminika kwamba anayedungwa mgongo hatoki hospitalini akitembea. Imani hiyo haikuzuka hewani; watu wamewaona waliodungwa wakifa au kupooza. Wasichoelezwa ni kwamba waliodungwa walikuwa wamechelewa, na kwamba kilichowapooza ni ugonjwa. Lugha ya hospitali nayo huchochea hofu. 'Tutatoa maji ya mgongo' humfanya msikilizaji aone debe likimwagwa. Ukweli ni kwamba yanayohitajika ni vijiko viwili vya chai hivi, ilhali mwili hutengeneza kiasi cha nusu lita ya maji hayo kila siku, na vijiko hivyo viwili hurudishiwa kwa muda wa nusu saa tu. Ipo hali ambapo kudunga ni hatari, kwa mfano ikiwa kuna uvimbe unaosukuma ubongo, na ndiyo sababu daktari wakati mwingine hutaka kwanza picha ya kichwa. Hayo yote yanaelezeka kwa Kiswahili chepesi. Ila fomu ya idhini anayowekewa mzazi mbele yake aghalabu imeandikwa kwa Kiingereza.

Maji yakipatikana, maabara nayo haina neno la mwisho. Viini katika maji hayo huwa vichache mno, na darubini huvikosa mara nyingi. Kuviotesha huchukua majuma kadhaa ambayo mgonjwa hana. Mashine za GeneXpert, ambazo Shirika la Afya Duniani liliziidhinisha mwaka 2010 na ambazo Kenya imezisambaza katika kaunti, hutoa jibu kwa muda wa saa mbili hivi. Toleo jipya lililoidhinishwa mwaka 2017 liliwapa watu matumaini makubwa baada ya utafiti wa Mbarara, Uganda, uliochapishwa mwaka 2018, kuonyesha kwamba liligundua wagonjwa wengi waliokuwa wakikosekana. Miaka miwili baadaye utafiti wa Vietnam ukapunguza shangwe hiyo. Kanuni iliyobaki ni hii: mashine ikisema ndiyo, iamini, ikisema hapana, usimfukuze mgonjwa. Daktari huangalia pia kama sukari katika maji imepungua, kama protini imezidi, kama seli nyeupe ni za aina fulani. Huondoa shaka ya ugonjwa wa kuvu unaowapata wenye virusi vya ukimwi. Kisha huamua kuanza matibabu kwa kupima uzito wa dalili zote pamoja. Na katika mizani hiyo, ile tarehe iliyoandikwa zahanatini ina uzito wake. Ikiwa iliandikwa kwa 'juzi', imepotosha hesabu nzima.

Dawa zipo, na katika hospitali za umma hutolewa bure. Ni zile zile nne za kifua kikuu cha kawaida kwa miezi miwili, kisha mbili kati yake kwa miezi kumi zaidi. Watafiti wamejaribu kuziongezea nguvu. Jaribio moja la Vietnam lenye wagonjwa 817, lililochapishwa mwaka 2016, halikupata faida. Lililofaulu zaidi ni la mwaka 2004, pia huko Vietnam, ambapo wagonjwa 545 walishiriki na dawa ya kutuliza uvimbe iitwayo deksamethasoni ikapunguza vifo kutoka takriban 41 kwa mia hadi 32 kwa mia. Hata hivyo, haikupunguza ulemavu mkubwa, na mwaka 2023 jaribio jingine halikuona faida ya wazi kwa wagonjwa wenye virusi vya ukimwi. Nayataja haya ili msomaji aone kwamba zaidi ya miaka 70 baada ya dawa za kwanza kupatikana, hakuna dawa mpya ya kumwokoa aliyechelewa. Tangu mwaka 1948 madaktari wameugawa ugonjwa huu katika hatua tatu kwa kuangalia fahamu za mgonjwa, na hatua aliyomo siku anapoanza kumeza dawa ndiyo inayotabiri kuliko yote kama atapona.

Matibabu ya mwaka mzima yana taabu yake katika ardhi ya vibarua. Mchuma chai wa msimu ana mkataba wa miezi. Ukikwisha, huenda kwao Nyamira au Siaya, na kadi ya matibabu hubaki mfukoni. Mashine za kuchumia chai zimepunguza kazi zaidi. Itakumbukwa kwamba mwezi Mei 2023 hasira za vijana wa Kericho ziliishia katika kuzichoma baadhi yake. Aliyepoteza kazi shambani hupoteza chumba, na pamoja na chumba hupoteza zahanati ya kampuni iliyokuwa mlangoni pake. Wakulima wadogo wanaopeleka majani katika viwanda kama Litein, Mogogosiek na Kapkoros hawakuwa nayo tangu mwanzo.

Watoto walio chini ya miaka mitano wako hatarini kuliko wengine, na kwa kawaida wameambukizwa na mtu mzima anayelala nao chumba kimoja. Swali la 'nani anakohoa nyumbani' lingepaswa kuulizwa kila mara mtoto anapoumwa kichwa kwa zaidi ya siku tano. Chanjo ya BCG, iliyoanza kutumiwa mwaka 1921, haizuii vizuri kifua kikuu cha watu wazima, lakini kazi yake kubwa ni hii hasa ya kumkinga mtoto mchanga na ugonjwa wa utando wa ubongo. Ndiyo maana nilifadhaika katikati ya mwaka 2025 chanjo hiyo ilipoadimika katika vituo vingi vya umma nchini. Magazeti yalizungumzia kovu la mkononi kana kwamba ni alama tu ya kuzaliwa hospitalini. Wachache walieleza ni ugonjwa gani ulioachiwa mlango wazi.

Nirudi katika uwanja wangu. Kwa maoni yangu, wakati umefika wa kuacha kutumia 'kifua kikuu' kama jina la ugonjwa wote. Wananchi wamekwisha kutangulia. Kambini watu husema TB, na herufi hizo mbili hazijafungwa katika kiungo chochote. Tukubali basi TB ya mapafu, TB ya mifupa ya mgongo, TB ya utando wa ubongo, na 'kifua kikuu' kibaki kwa ile ya mapafu, ambako kilizaliwa. Wenzangu wapenda usafi wa lugha watanung'unika kwamba ni jina la kukopa. Nawauliza: neno la asili linalompeleka mzazi katika mlango usio wake lina usafi gani? Mji wenyewe wa Kericho wengi hulihusisha jina lake na neno la Kikalenjin la dawa, kerichek. Lugha za hapa hazina uhaba wa maneno ya tiba, na kila istilahi tutakayoichagua ingefaa ipimwe kwa Kikipsigis kabla ya kubandikwa ukutani.

Sheria iko upande wetu. Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi, na Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mhudumu, kila inapowezekana, amweleze mgonjwa kwa lugha anayoielewa. Fomu ya idhini ya kuchukua maji ya mgongo inaweza kuandikwa kwa Kiswahili katika ukurasa mmoja; idara zetu za lugha zingeifanya kazi hiyo bila malipo. Vyuo vya utabibu navyo vingeweza kuwafunza vijana kuuliza wakati kwa matukio: alikuwa akicheza na wenzake siku ya kufunga shule? Alikwenda kanisani Jumapili iliyopita, na ile ya kabla yake? Mara ya mwisho kumaliza chakula chake ilikuwa lini?

Na walimu wa shule za msingi wana chombo ambacho zahanati haina. Mtoto wa darasa la tatu aliyeanza kusinzia, kuchora herufi kombo na kulia bila kuulizwa, kisha akaacha kuja, ameandikiwa tarehe zake katika rejista. Mwalimu akimwandikia tabibu kikaratasi chenye tarehe hizo, na mabadiliko aliyoyaona, amempa kipimo ambacho hakipatikani kwa mashine. Mistari minne inatosha, na iandikwe kwa lugha ambayo mzazi atakayeibeba anaweza kuisoma.